Ndoa ya bomani kwa wenye dini tofauti (Dar): nyota 4 kati ya 5

Naandika hii kwa wanaoniulizaga pembeni. Mimi Mkatoliki, mume wangu Muislamu, na hakuna aliyetaka kuhama dini yake, ndo maana tukaishia kufunga ndoa kwa mkuu wa wilaya.

Kabla ya hapo tulizunguka sana. Padre alitupokea vizuri tu, akasema ruhusa ya askofu inaweza kuombwa ila mimi lazima niahidi kufanya kila niwezalo watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki, mwenzangu akasema hilo hawezi, na upande wao shehe akasema nikah atafungisha lakini watoto ni wa Kiislamu, hapo mimi ndo nikashindwa. Siwalaumu, kila mmoja alisema ukweli wa dini yake.

Sasa Sheria ya Ndoa ya 1971 ndo inayotubeba watu kama sisi. Unapeleka taarifa ya nia siku 21 kabla, tangazo linabandikwa, mwenye pingamizi aje aseme. Dada aliyepokea fomu zetu aliyaona majina, moja la kikristo moja la kiislamu, nikajiandaa kwa lile swali la "nani anabadili?" ambalo hadi majirani walishaniuliza mpaka nimechoka, yeye wala, akauliza tu mashahidi wawili tunao na ndoa ni ya mke mmoja au wake wengi. Mume wangu akajibu mke mmoja kabla sijafungua mdomo, jamani nilifurahi! Dada akatuelewesha kabisa kwamba kuja kuibadilisha baadaye ni mpaka wote wawili tukubali.

Siku yenyewe bibi yangu kakaa na rozari, mama mkwe pembeni yake na tasbihi, benchi moja, kila mtu midomo inacheza kivyake. Msajili hakumkataza mtu na yeye mwenyewe hakuongeza sala yoyote, akasoma yanayotakiwa, tukasaini, basi. Watu wanadhani nchi isiyo na dini maana yake inachukia dini, sio kweli, ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi haina dini na ibara ya 19 inakulinda wewe na imani yako, na wimbo wa taifa wenyewe unaanza na Mungu. Mimi Jumapili niko misa, yeye Ijumaa yuko msikitini, Ramadhani namwamsha kula daku.

Ila mjue kabisa, komunyo sipokei kwa sababu ndoa yetu haikufuata utaratibu wa Kanisa, na inaniuma kila Jumapili watu wakipanga mstari. Bomani haitatui hilo, ni kati yangu na Kanisa langu, usije ukaenda ukidhani cheti kitamaliza kila kitu.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya kusubiri, tuliambiwa asubuhi tukaingia mchana, wazee wamechoka, chumba joto balaa. Pia kuna ofisi nyingine tuliyoanzia, siitaji, karani akatuambia tukakubaliane dini kwanza ndo turudi. Ukikutana na huyo usirudi nyumbani kinyonge kama sisi, omba kuonana na mkubwa wake maana hayo hayamo kwenye sheria.

Sisi tulidaiwa vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa (NIDA), picha na barua ya serikali ya mtaa, malipo unapewa namba unalipa kwa simu. Mashahidi nao waje na vitambulisho, wetu mmoja alisahau ikabidi bodaboda ikimbie Mbagala kukifata.