Liwa kwa harara: nimetumia miezi miwili, haya ndo niliyoyaona

Mwenzenu nilihamia Dar nikitokea Lushoto, kule tunalala na blanketi mbili, huku nikapokelewa na joto la Desemba na harara, vile vipele vya joto, shingoni, chini ya matiti, mgongoni pale sidiria inapobana, usiku najikuna mpaka usingizi unakata. Poda ya mtoto nikajimwagia weee ikawa inaganda na jasho, naonekana kama nimetoka kukanda chapati. Bi mkubwa mmoja tunayepanga naye nyumba moja, mtu wa Pangani, akaniuliza, we mwanangu, liwa huijui?

Mi liwa, ule mti wa kunukia unaosuguliwa ukapakwa mwilini, nilikuwa naiona kwa mabibi harusi tu, nikajua ni urembo. Kumbe watu wa pwani wanapaka hata watoto wakitoka vipele vya joto.

Nikaenda duka moja la dawa za asili nikauziwa unga kwenye kipakti, elfu 3, njano hiyoo na harufu kama pafyumu ya basi la mkoani. Nikakoroga na maji nikapaka, haikufika dakika kumi shingo inawaka moto nikakimbilia bombani. Bi mkubwa kuunusa tu akacheka, akasema mwanangu hii manjano imetiwa marashi, liwa haina makelele hivyo.

Basi akanionyesha ya kweli, ni kipande cha mti, mi nimenunua cha urefu wa kidole kwa elfu 7. Unachukua msio, lile jiwe lenye mkwaruzo, unanyunyizia marashi ya mawaridi kidogo halafu unausugua mti taratibu kwa kuzungusha mpaka itoke ute mzito rangi ya chai ya maziwa. Mkono unachoka jamani, sikufichi. Ye anasema zamani nzuri yake ilikuwa inatoka Bukini, yaani Madagaska, na majahazi, hii ya siku hizi anainunua kwa kulalamika.

Napaka jioni nikishaoga, naiacha ikauke, inabana ngozi kidogo na ule ubaridi wake ndo raha yenyewe, halafu naosha kwa maji matupu bila sabuni. Siku ya tatu muwasho ukapungua, baada ya wiki na kitu vipele vikakauka. Ila niwe mkweli, kipindi hichohicho niliacha zile blauzi za kuteleza zisizopitisha hewa na nikanunua feni, kwa hiyo sifa zote sizipeleki kwa liwa peke yake.

Madoa yaliyoachwa na vipele haijatoa. Yapo palepale. Na mtu akikuuzia krimu ya "mitishamba" inayong'arisha kwa wiki moja mkimbie, nyingi huwa zinachanganywa steroidi au zebaki, na zebaki kwenye vipodozi Tanzania ilishapigwa marufuku siku nyingi lakini bado zinapita kwa mlango wa nyuma.

Nilijaribu na mwarobaini pia, nilikuwa na fangasi katikati ya vidole vya miguu, nachemsha majani, maji yakipoa naloweka miguu robo saa. Muwasho unatulia kweli, ila nikiacha siku mbili unarudi, mpaka nikaenda famasi nikapewa klotrimazoli nikapaka wiki nne ndo ikaisha. Wanasema unatibu magonjwa arobaini, yangu itakuwa ni ya arobaini na moja. Halafu wale mnaowanywesha watoto wachanga mafuta ya mwarobaini acheni, yanaweza kuwadhuru vibaya sana.

Kwa harara basi liwa naipa nne kwa tano, hiyo moja nimekata kwa sababu ya kusugua na foronya zangu mbili nyeupe ambazo sasa sio nyeupe tena. Nunueni mti, sio unga.

Shida yangu ya sasa ni kwamba msio ni wa bi mkubwa, na kesho kutwa anaenda Pangani mwezi mzima na ameshasema anaondoka nao.