Kulisha ruta kwa umeme wa DC bila inveta: kipi ununue, kipi uache

Geuza adapta ya ruta yako usome maandishi yake madogo. Upande wa kuingia umeme pameandikwa volti 100 hadi 240. Upande wa kutoka kuna namba moja tu, mara nyingi volti 12, wakati mwingine 9 au 5. Maana yake ruta hutumia DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, na haijawahi kuonja umeme wa ukutani. Ukiiwasha kwa inveta, unapandisha volti 12 za betri hadi 230, kisha adapta inazishusha tena hadi 12, na kila hatua inakula chake. Ruta ya nyumbani hutumia takriban wati 5 hadi 12, ilhali inveta kubwa inaweza kula zaidi ya hapo bila kuwasha chochote. Ndiyo maana, katika orodha ya njia ninazozipanga hapa chini, inveta naiweka mkiani. Kama tayari unayo na inawasha mambo mengine usiku kucha, chomeka ruta humo na usihangaike.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha mambo manne. Volti zilingane kabisa na za adapta. Ruta ya volti 9 usiipe 12. Ampea zikizidi si tatizo, zikipungua ni tatizo. Chanya iwe katikati ya plagi au nje, kama mchoro wa kwenye adapta unavyoonyesha. La nne ni kipimo cha plagi, na hapa wengi hukwama: plagi nyingi zina upana wa milimita 5.5 kwa nje, ila tundu la ndani ni 2.1 au 2.5. Ya 2.1 haiingii kwenye pini ya 2.5. Ya 2.5 inaingia kwenye pini ya 2.1 lakini inalegea, ruta inajizima kila ikiguswa, na lawama zote anabebeshwa mtoa huduma wa intaneti.

Namba moja: UPS ndogo ya DC, yaani kisanduku chenye betri kinachoendelea kuilisha ruta umeme ukikatika. Kwa mtu ambaye umeme wake hukatika saa mbili tatu, sioni sababu ya kutafuta kingine. Ila usisome mAh (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) ukadanganyika. Namba hiyo huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, si kwa 12 zinazotoka. Kifaa cha mAh 10,000 kina wati-saa 37. Toa hasara ya kubadilisha volti, zinabaki kama 30, nazo zitaisukuma ruta ya wati 8 kwa muda usiofika saa nne. Halafu uliza inachajiwa na nini. Aina nyingi hutumia adapta ileile ya ruta, na adapta ya ampea 1 haiwezi kulisha ruta inayotaka ampea 1 na papo hapo kujaza betri. Kama una kisanduku cha faiba, nacho kinataka umeme wake, kwa hiyo chagua UPS yenye milango miwili na uangalie jumla ya wati za milango yote. Ruta ikiwaka peke yake, utakuwa na WiFi isiyokwenda popote.

Namba mbili: betri ya volti 12 pamoja na kibadilisha volti. Hii inapanda hadi namba moja kwa mwenye sola au anayekosa umeme kutwa nzima. Shida ni kwamba "volti 12" za betri ni jina tu. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia ina 12.7, ikichajiwa hufika 14.4 na hata kuvuka 15 kwa baadhi ya chaja. Ikikaribia kuisha hushuka chini ya 11. Ruta nyingine huvumilia hayo, nyingine huungua. Nunua kibadilisha kinachopandisha na kushusha, kwa mfano kinachopokea volti 9 hadi 36 na kutoa 12 daima. Kile cha kushusha tu hakifai, maana betri ikifika 12 hakina tena cha kushusha. Wala usidhani tundu la mzigo kwenye kidhibiti chaji cha sola linanyoosha volti. Kwa kawaida kazi yake ni kukata betri isiishe kabisa. Weka fyuzi ya ampea 3 karibu na chanya ya betri.

Betri ndogo ya risasi ya Ah 7 ina wati-saa 84. Ukitaka idumu tumia nusu, yaani saa tano hivi kwa ruta ya wati 8. Ya lithiamu chuma fosfeti inakubali kutumiwa karibu yote, nami ningeichagua hiyo.

Namba tatu: pawabenki na kebo ya USB-C inayoomba volti 12. Volti za kawaida za USB-PD, mfumo wa USB-C ambao kifaa huomba volti inazotaka, ni 5, 9, 15 na 20. 12 ni hiari ya mtengenezaji. Isipoandikwa kwenye pawabenki, kebo inaweza kushuka hadi 9. Isitoshe, baadhi ya pawabenki hukata umeme kidogo ukichomeka au kuchomoa chaja, na ruta inawaka upya.

Namba nne: kebo ya USB ya kupandisha volti 5 hadi 12. Mlango wa volti 5 na ampea 2 hutoa wati 10 kabla ya hasara. Ni ya dharura, kwa ruta ndogo.

Kama bado hujanunua ruta, tafuta inayopokea volti za upana mkubwa. MikroTik RB750Gr3, kwa mfano, hupokea volti 8 hadi 30, hivyo betri na fyuzi zinatosha. Ikiwa betri iko mbali, tumia waya mnene, kisha pima volti penye plagi ya ruta huku ruta ikifanya kazi.