Canare GS-6 na jeki za Neutrik kwa gitaa la solo: uzoefu wangu

Napiga solo kwenye bendi ya harusi hapa Kigoma. Muziki wetu una damu ya Kongo, na sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, ikikosa ule mlio mkali wa nyuzi nyembamba, wachezaji wanarudi vitini. Ndiyo maana kwenye suala la waya wa gitaa mimi ni mbishi.

Nyaya za bei poa zinazouzwa madukani jeki yake, yaani ile ncha ya kuchomeka, imefinyangwa pamoja na plastiki. Kwa mazoezi ya nyumbani zinafaa. Lakini hukatikia shingoni, na ukitaka kutengeneza huna pa kufungua, unatupa. Ndani, wavu wa shaba wa kuzuia muungurumo ni wa kubabaisha: sogea karibu na taa za ukumbi, gitaa linaanza kuvuma lenyewe.

Sasa natumia Canare GS-6, waya wa Kijapani unaouzwa kwa mita, pamoja na jeki za Neutrik NP2X. Tuliagiza Dar, vikaja na basi, fundi redio wa mtaa wa Mwanga akachomea kwa risasi. Ndani ya jeki kuna kibano kinachoshika ganda la waya ukikaza kifuniko, kwa hiyo mtu akijikwaa, mvuto hauishii kwenye risasi. Kwenye harusi zetu watu hujikwaa sana, hasa wakati wa kutunza. Mpaka leo haujakwaruza hata mara moja.

Kuhusu sauti, jambo kubwa ni urefu. Kila waya una tabia ya kapasita, yaani hudaka umeme kidogo njiani, hupimwa kwa pikofaradi na huongezeka kwa urefu, na gitaa la sumaku za kawaida, lisilo na betri, likibebeshwa mzigo huo linapoteza sauti za juu. GS-6 ina takriban pikofaradi 160 kwa mita. Wangu ni wa mita 6, yaani kama 960. Mwenzangu wa ridhim, gitaa la kuongozea mapigo, ana mita 10 za waya huohuo, sawa na 1,600, na gitaa langu likipitia waya wake ni kama mtu amerudisha toni nyuma kidogo. Kwake si shida, ridhim haihitaji makali hayo. Mogami 2524, waya mwingine wa gitaa, ina kama 130 kwa mita, kwa hiyo kwenye karatasi inashinda, ila kwa mita 6 tofauti inabaki 180 tu, na katikati ya ngoma na spika za ukumbini sidhani kuna atakayeisikia. Mpiga kinanda asihangaike kabisa, kifaa chake kinatoa mawimbi yenye nguvu.

Jeki za rangi ya dhahabu? Dhahabu haishiki kutu, basi. Haiongezi utamu.

Kasoro ninayoiona ni kwamba NP2X imenyooka. Kama tundu la gitaa lako liko ubavuni na unapiga umekaa, itagonga kiti. Neutrik wanayo ya kona, NP2RX, nayo ndiyo ningeifunga upande wa gitaa.

Bei ni kubwa ukilinganisha na za dukani, na nauli ya basi ipo, lakini ningenunua tena. Ila msiuazime waya huu kuunganisha amplifaya na spika. Ni waya wa mawimbi madogo ya gitaa, haukutengenezwa kwa umeme wa kazi hiyo; unaweza kupata moto na amplifaya yenyewe inaweza kudhurika. Spika zinataka nyaya mbili nene, na hizo zinapatikana hapahapa mjini.