Chokaa, udongo, jasi au mbao: cha kununua kwa kuta za ndani

Anayejijengea nyumba akifika kwenye kuta za ndani, mara nyingi fedha zimekwisha kupungua, na fundi humhimiza anunue saruji kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Mwongozo huu ni wa anayetaka kumalizia kuta hizo kwa malighafi za asili zinazopatikana Tanzania na Kenya, hasa Pwani. Nimezipanga kwa kuangalia ukuta umejengwa kwa kitu gani, unyevu ulioko, na urahisi wa kukarabati baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa chokaa iliyochomwa na kuzimwa, yaani kutiwa maji baada ya kutoka tanuuni. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za mji wa kale wa Lamu, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikamanishwa kwa chokaa. Zinapokarabatiwa kwa saruji, unyevu na chumvi hunaswa nyuma ya lipu ngumu mpaka ikabanduka vipande vipande. Lipu ya chokaa huuacha ukuta upumue, kwa hiyo hufaa zaidi ukuta wa mawe ya matumbawe au wa matofali ya kuchoma, ambao hunywa maji na kuyatoa. Kwenye matofali ya saruji nayo hushika, ila ukuta ulowanishwe na upigwe kwanza tabaka jembamba lenye mikwaruzo.

Dukani panahitaji macho. Chokaa ya kilimo, na ile inayochanganywa na chakula cha kuku, ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu bila kuchomwa: ni nyeupe, bei yake ni nafuu, mifuko yake inafanana na mingine, na haigandi hata ukiingoja mwaka mzima. Uliza ya ujenzi, kisha chukua kijiko kimoja na ukikamulie ndimu. Chokaa nzuri hutulia. Inayotoa povu jingi ama haikuchomwa, ama imekaa ghalani muda mrefu ikinywa hewa ya kaboni hadi ikarudi kuwa jiwe. Ukinunua ya mabonge iliyotoka tanuuni, bonge likitumbukizwa majini linapaswa kuchemsha maji, kuvimba na kupasuka, na likibaki baridi limekwisha nguvu. Jaribio hilo lifanywe katika ndoo ya chuma, bonge likiingizwa majini wala si maji kumwagiwa bonge, nawe umevaa miwani na glavu, maana chokaa inayozimwa hurusha matone yanayoweza kupofusha. Ya unga iloweke katika pipa, maji yakiifunika. Ikikaa wiki kadhaa huwa laini kama siagi, na mwiko huteleza juu yake bila kuivuta.

Kwa hesabu, chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kuta za mita 3 kina mita za mraba 48, na ukiondoa mlango na madirisha zinabaki 40 hivi. Lipu ya unene wa milimita 20 kwa jumla huhitaji ndoo 40 za mchanga za lita 20 na, kwa kipimo cha moja kwa tatu, ndoo 13 au 14 za chokaa, kwa kuwa chokaa hujaza nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga. Ongeza kidogo kwa ajili ya itakayodondoka. Mchanga uwe wa mto, kwa sababu wa bahari una chumvi inayovuta unyevu na kuacha madoa meupe ukutani. Kila tabaka lisizidi milimita 10, na linyunyiziwe maji kwa siku kadhaa ili upepo wa kusi usilikaushe kabla halijaganda. Juu yake paka chokaa nyepesi iliyotiwa udongo wa rangi. Rangi ya plastiki itaziba pumzi yote uliyoilipia.

Udongo ni wa pili, ingawa kwa nyumba ya matofali mabichi au ya kukandika huko Dodoma au Singida, ambako hewa ni kavu, ningeuweka wa kwanza. Wenyewe ni karibu wa bure, na utakacholipia ni kazi ya kusiriba. Wa kichuguu hushika vizuri, lakini ukitumika peke yake hupasuka, hivyo uchanganye na mchanga na nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi. Piga viraka vitatu ukutani, cha kipimo cha udongo mmoja kwa mchanga mmoja, cha mmoja kwa miwili na cha mmoja kwa mitatu, kisha uchague kisichopasuka wala kuchubuka kwa kidole baada ya kukauka. Bafuni usiuweke kabisa.

Jasi (jipsamu), inayochimbwa Makanya wilayani Same na Itigi mkoani Singida, huganda upesi na kutoa uso laini kuliko zote, lakini huyeyuka kidogo ikikaa kwenye maji, na kwa unyevu wa Pwani naikubali kwa dari na vyumba vya juu tu. Soma mfuko pia, maana unga mwingi wa kulainishia ukuta ni saruji nyeupe.

Mbao zimekuwa za mwisho kwa sababu ya bei. Mninga na mtiki hudumu. Msonobari wa Sao Hill, Mufindi, ni nafuu, ila utiwe dawa ya mchwa. Usinunue ambazo hazijakauka, kwani zitajipinda zikishapigiliwa. Zikishapigwa randa zipakwe mafuta ya linsidi na nta ya nyuki, na matambara yaliyotumika yatandazwe nje yakauke, kwa kuwa yakirundikwa yakiwa na mafuta hayo yanaweza kuwaka moto yenyewe.