Uzoefu wangu: kujisomea Historia ya Sanaa ya AP kwa kutumia Smarthistory

Shule yangu hapa Ohio haifundishi Historia ya Sanaa ya AP (Advanced Placement, yaani masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari wa Marekani), kwa hiyo niliamua kujisomea mwenyewe kwa kutumia Smarthistory, tovuti isiyotoza hata senti moja. Nilianza Septemba, nikafanya mtihani Mei, na mwezi Julai nikapata 4 katika kipimo kinachoishia 5. Tovuti hii ilinifaa sana kwa jambo moja na ikaniacha mikono mitupu kwa jambo jingine, na ndiyo sababu ya kuandika tathmini hii.

Mtihani umejengwa juu ya kazi 250 za sanaa zilizoteuliwa na College Board, shirika linaloandaa mitihani ya AP, kuanzia vibamba vya mawe vilivyochorwa wanyama vilivyopatikana katika pango la Apollo 11 huko Namibia, hadi kazi za wasanii walio hai, akiwemo Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Smarthistory imezipanga zote kwa utaratibu uleule, kila moja na makala au video yake. Waanzilishi wake, Beth Harris na Steven Zucker, hawahutubii wala hawaonekani. Kamera hubaki kwenye kazi yenyewe huku wao wakizungumza kama watu wawili waliosimama mbele yake, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Ni mtindo unaomfanya mtu asikilize video tano mfululizo bila kuchoka, na baadaye niligundua kwamba hapo ndipo penye mtego.

Sehemu ya Afrika ina kazi 14 tu, nami naiona ndogo mno kwa bara zima, lakini ndiyo niliyoifurahia kuliko zote. Familia yetu inatoka Katanga, na sikutarajia kukutana na lukasa katika mtihani wa Marekani. Lukasa ni ubao wa kumbukumbu wa Waluba, mdogo wa kutosha kushikwa kwa mkono mmoja, uliopigiliwa shanga na vipande vya chuma. Mjuzi wa Mbudye, chama cha Waluba cha watunza kumbukumbu, huushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga huku akisimulia habari za wafalme, safari na koo. Rangi, ukubwa na mpangilio wa shanga ndivyo vinavyomwongoza. Nilimwonyesha bibi yangu picha yake. Alisema jina alilisikia utotoni, ila ubao wenyewe hakuwahi kuuona, kwa maana haukuwa kitu cha kila mtu.

Kufikia Februari nilijiona nimeiva. Nikachukua swali la mwaka uliopita, ambalo College Board huliweka wazi bure pamoja na mwongozo wa kusahihishia, nikajipa dakika 15. Lilikuwa swali la aina ninayoiogopa hadi leo: unapewa picha ya kazi isiyokuwamo katika zile 250, kisha unatakiwa kusema ni ya msanii au utamaduni gani na kuthibitisha kwa yale unayoyaona. Jibu nilikuwa nalo. Nikajaza ukurasa mzima kwa hadithi nzuri nilizozisikia kwenye video, na nilipojisahihisha nikajikuta na alama 2 kati ya 5, kwa sababu hakuna mahali nilipoonyesha mstari, umbo, rangi wala namna nyenzo ilivyotumika. Miezi mitano yote nilikuwa nasikiliza watu wengine wakitazama kwa niaba yangu.

Tangu siku hiyo nilizima sauti. Nilitazama video kimya kwa dakika mbili, nikaandika ninachokiona, kisha nikairudia kwa sauti na kulinganisha. Kwa Zimbabwe Kuu, kwa mfano, mara ya kwanza niliandika "ukuta mkubwa wa mawe" na basi. Nilipofungua sauti ndipo nilipojua kwamba mawe yale yamepangwa bila chokaa, jambo ambalo macho yangu yangeligundua kama ningeyapa muda. Kazi ilikuwa polepole mno, labda tatu kwa jioni moja, lakini insha zangu zilianza kupata alama.

Kitabu cha marudio nilichokinunua, ambacho sitakitaja, kilikuwa hasara: picha zake ni za kijivu na ndogo kama stempu. Kadi za kukariri nilizotengeneza mwenyewe zilinisaidia kwa maswali 80 ya kuchagua, ambayo hufanywa kwa dakika 60, lakini katika insha 6 hazikunifikisha mbali.

Jambo la usajili msilichukulie kwa wepesi. Mwisho wake huwa Novemba, miezi sita kabla ya mtihani, na anayejisomea hulazimika kutafuta mwenyewe shule itakayokubali kumsimamia. Shule mbili zilinikatalia kwa simu. Ya tatu ilinikubali ikiwa imebaki wiki moja.