Picha tatu za moyo mmoja

Nianze na yule kijana wa eksirei, maana wengine wote pale hospitalini naweza kuwasamehe.

Mwanangu ana miaka saba. Anakohoa makohozi tangu ananyonya, pua haikauki, sikio la kulia likipona linaanza la kushoto. Antibiotiki tumekunywa mpaka muuza duka la dawa akituona anajua tunachotaka. Juzijuzi tukaandikiwa picha ya kifua.

Picha ya kwanza, kijana akasonya. "Mama, mtoto amesimama vibaya." Ya pili, akafoka: "Mwambie atulie bwana!" Mtoto katulia kama nguzo. Ya tatu, moyo uko kulia vilevile. Akabonyeza kitu kwenye kompyuta, picha ikageuka, moyo ukahamia kushoto. "Haya, sasa imekaa sawa." Nikamuuliza mbona kaigeuza. "Kwani mama we ni daktari?"

Nyota moja, na hiyo ni ya kiyoyozi.

Ila ngoja, haki ya mtu nisiile. Daktari wa watoto, mzee mpole, aliweka kipimo kifuani kushoto, akanyamaza, akakihamishia kulia, akacheka kidogo. "Moyo wa huyu uko huku. Hiyo picha imegeuzwa." Akanichorea nyuma ya karatasi ya dawa. Kumbe seli za njia ya hewa zikikomaa huota vinyweleo, mamia kwenye seli moja, vinapiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde kupandisha makohozi kooni. Vya mwanangu huenda vimeota ila havipigi. Na mimba ikiwa changa kabisa, vinyweleo vya jamii hiyo huzunguka na kusukuma maji kuelekea kushoto. Hapo ndipo mwili unajua moyo ukae wapi. Visipozunguka ni bahati nasibu, karibu nusu ya wenye ugonjwa huu viungo hukaa kinyume. Akataja jina la Kartagener, daktari wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1933.

Yaani miaka saba natafuta jibu, linatokea kwenye kioo, halafu mtu analigeuza ili aende chai!

Mzee nampa tano. Katupa rufaa ya vipimo, na mazoezi ya kutoa makohozi kila asubuhi. Kwa ajili yake nilitaka kuandika tatu kwa jumla. Halafu nikafika dirisha la malipo: eksirei ya kifua, mara tatu. Kuuliza, dada akanijibu bila kuinua macho: "Mashine si imepiga tatu?"

Narudi kwenye moja.