Magari mawili yenye injini mgongoni, na kijana mwenye kompyuta

Nianze na taa ya njano, kwa sababu mpaka leo nikifumba macho ndiyo ninayoiona. Nilikuwa katikati ya mlima, ndani ya gari la michezo ambalo wengi wetu tunalijua kwa picha tu, injini ikinguruma nyuma ya mgongo wangu, nikiitoka kona moja na kuiwania nyingine, mara nguvu zikakatika kama maji ya bomba lililofungwa na mtu asiyeonekana. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano, na chini yake sentensi moja yenye adabu nyingi ikinishauri nipunguze mwendo na niwasiliane na fundi. Nipunguze mwendo! Gari lenyewe lilikuwa limekwisha kuamua kunipunguzia: giaboksi iligoma kupita gia ya tatu, injini ikakataa kupandisha mizunguko, na lori la mchanga nililokuwa nimelipita muda mfupi tu uliotangulia likanifikia, likanipigia honi, kisha likanipita. Dereva wake alinipungia mkono. Sikumjibu.

Hayo yalitokea miezi kadhaa iliyopita. Nilikuwa nimelipia siku nzima kwa kampuni moja inayokodisha magari ya aina hii: asubuhi gari la zamani, la miaka ya 1980, na alasiri la kisasa ambalo bado linanukia upya. Yote mawili yana injini katikati, yaani nyuma ya viti na mbele ya ekseli ya nyuma, na nia yangu ilikuwa kujionea mwenyewe lipi kati ya hayo linampa dereva raha ya kweli. Majina ya magari nayaacha, na nguvu za farasi pamoja na sekunde za kufikia kilomita 100 kwa saa sitaziandika, kwa kuwa anayezitaka atazipata mahali pengine bila kulazimika kusoma malalamiko yangu.

La zamani nilikabidhiwa na fundi mzee, mtu wa maneno machache, ambaye kucha zake zilikuwa zimeshika weusi wa mafuta usiotoka tena kwa sabuni. Aliniambia mambo matatu. Nisikanyage mafuta kwa nguvu kabla ya mshale wa joto kufika mahali pake. Nikiwa ndani ya kona, nisiondoe mguu ghafla. Na jambo la tatu alilisema akiwa ameweka kiganja juu ya rungu la gia, kama mtu anayemtuliza mnyama: "Gia ya pili, mwanangu, usiilazimishe. Iombe."

Nilidhani ni mzaha. Rungu hilo linapita katika bamba la chuma lenye njia zilizochongwa, na kila gia ina mlio wake chuma kinapogusa chuma, lakini giaboksi ikiwa baridi gia ya pili haipo kabisa, unasukuma, inakurudisha. Kwa kilomita kadhaa za mwanzo nilitoka gia ya kwanza nikarukia ya tatu, injini ikilalamika, hadi mafuta ya giaboksi yalipopata moto, na ndipo gia ya pili ilipoingia bila kelele, laini, mkono wangu ukiwa umeshajifunza kusubiri robo ya pumzi pale katikati. Sijui niielezeje furaha niliyoipata. Nina umri wa kutosha kujua kwamba kubadili gia si tukio maishani, lakini nilicheka peke yangu ndani ya gari kama mtoto.

Usukani wa gari hilo hausaidiwi na chochote, si haidroliki wala mota ya umeme. Wakati wa kuegesha utatokwa jasho na utajuta, ila likianza kutembea unakuwa mwepesi, maana mzigo wa injini haukandamizi magurudumu ya mbele, na hapo unaanza kuzungumza. Nasema unazungumza kwa makusudi: kiraka cha lami, changarawe za kando, rangi ya mstari wa barabara, mteremko mdogo unaokimbilia mtaroni, vyote nilivisoma kwa viganja kabla macho hayajaviona. Kanyagio zimesogezwa kuelekea katikati ya gari kwa sababu tairi la mbele limekula nafasi ya miguu, kwa hiyo kiuno kinakaa upande na baada ya saa moja kinadai haki yake. Mabomba ya maji yanatoka kwenye rejeta iliyo mbele na kupita chini hadi kwenye injini iliyo nyuma, na joto lake linakufikia. Harufu ya petroli nayo ipo. Yote hayo niliyaona, na yote niliyasamehe papo hapo, jambo ambalo ninakiri si la haki ukilinganisha na nilivyolitendea lile lingine.

Nilichoshangaa zaidi ni mwendo. Kila nilipotupa jicho kwenye mshale, nikiamini kwamba nimekwisha kuvuka mipaka ya busara, niliukuta kwenye namba ambayo hata basi la abiria linaifikia. Pilikapilika zote zile za mikono, miguu na masikio, moyo ukinidunda, na kumbe ninakwenda kwa mwendo wa mtu anayewahi msikitini.

Sababu ya watu kuiweka injini pale haikuwa raha, ilikuwa ushindi. Jack Brabham alipotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari za Formula 1 mwaka 1959 akiwa na gari la Cooper lenye injini nyuma ya dereva, waliobaki na injini mbele walionekana mara moja kuwa watu wa jana, na mwaka 1966 Lamborghini wakaleta Miura, lenye silinda 12 zilizolazwa kwa upana nyuma ya viti, gari la barabarani lililowafanya matajiri watake kukaa kama madereva wa mbio. Uzito ukikusanyika katikati, gari hugeuka upesi, kwa kuwa hakuna chuma kizito cha kuzungushwa huku pembeni, na magurudumu ya nyuma yanayosukuma hukanyagwa vizuri. Lakini kinachogeuka upesi huzunguka upesi pia. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi, na mkia unataka kuja kuiona njia kabla ya pua. Hilo ndilo fundi mzee alilokuwa akinikataza.

Sasa la kisasa. Nisiwe mwongo: robo saa ya kwanza lilinivutia. Limetulia kama kitanda, viti vinakushika mbavu, breki zake zinasimamisha gari na fikra kwa pamoja, na kwenye kona ambayo asubuhi niliipita kwa dua, alasiri niliipita nikiwa najikuna shavu. Gia zinabadilika kwa klachi mbili zinazopokezana, ukigusa kishikizo kilicho nyuma ya usukani gia imeshaingia, tena bila kosa, kila mara, milele. Na hapo ndipo hamu yangu ilipoanza kunyauka. Usukani unaosaidiwa na mota ya umeme una usahihi wa mkasi na ububu wa jiwe. Nilipita kwenye changarawe zile zile na mikono yangu haikuambiwa kitu. Sehemu ya mngurumo niliokuwa nikiufurahia, kama nilivyoelezwa baadaye, hutoka kwenye spika. Nilihisi kama mgeni wa heshima kwenye sherehe yangu mwenyewe, anayeletewa kila kitu na kukatazwa kuingia jikoni.

Si magari yote mapya yako hivyo, na si kila la zamani ni tabu tupu, kwa hiyo msininukuu vibaya. Honda NSX la mwaka 1990, ambalo Ayrton Senna, bingwa wa Formula 1, alilijaribu kabla halijatoka na akataka fremu yake ikazwe zaidi, lilithibitisha kwamba injini inaweza kukaa katikati na gari likawa la kutumia kila siku. Lotus Elise la mwaka 1996 lilikuja na fremu ya alumini iliyounganishwa kwa gundi na usukani usio na msaada, katika wakati ambao wengine walikuwa wanaongeza mito na mota, na ndugu yake mdogo, Lotus Emira, bado lilitolewa na gia ya mkono. Lakini upepo unavuma upande mmoja: Chevrolet Corvette, lililokuwa na injini mbele tangu 1953, lilipohamishia injini nyuma ya viti kwa toleo la mwaka 2020, halikuja na kanyagio cha klachi hata kwa kuagiza. Wanunuzi hawakulikimbia. Huenda mimi ndiye niliyebaki kituoni.

Narudi kwenye taa ya njano. Nilirudi kwa kampuni nikiwa kwenye gia ya tatu njia nzima, na aliyenipokea hakuwa fundi mzee, alikuwa kijana mwenye kompyuta ya mapajani. Hakunitazama usoni. Alichomeka waya chini ya dashibodi, akabonyeza mara mbili tatu, taa ikazimika, kisha akasema huku macho yake yakiwa kwenye kioo cha kompyuta: "Gari hili huwa halikosei, mzee. Labda kuna kitu umebonyeza."

Nimebonyeza nini? Nilimuuliza mara tatu nimebonyeza nini. Nilimwambia kwamba gari la asubuhi lina umri mkubwa kuliko yeye na limenirudisha kwa nguvu zake zote, ilhali hili, lenye kompyuta nyingi kuliko ofisi, limenifanya nipitwe na mchanga. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Wakati huo nilikuwa nimeshaitunga hukumu yangu kichwani: la zamani ni gari, la kisasa ni simu yenye magurudumu, na yeyote anayelipia la kisasa anatupa pesa zake mtoni.

Kijana akanigeuzia kompyuta. Kumbe kampuni imefunga kifaa cha kurekodi ndani ya gari lile, na kila nilichokifanya kilikuwa pale kwa mistari ya rangi: nilivyokanyaga breki, nilivyogeuza usukani, nilivyoachia mafuta. Akaweka kidole kwenye alama nyekundu. "Hapa mfumo ulikushika." Akasogeza. "Na hapa." Akasogeza tena. Zilikuwa alama 14. Mara 14 nilikuwa nimekosea ndani ya kona, gari likafinya breki ya gurudumu moja, likapunguza nguvu za injini na kuninyoosha kimya kimya, nami sikuwa nimehisi hata mara moja. Nilikuwa najikuna shavu.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa lile lile nililokatazwa asubuhi, la kuondoa mguu ghafla.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wakati wa chakula cha mchana niliwasimulia wenzangu kwa namna nyingine kabisa. Asubuhi, katika gari la zamani, nilikutana na baiskeli baada ya kona nikaachia mafuta kwa hofu, na mkia ukatoka. Ukatoka kweli. Niliona mtaro kupitia kioo cha pembeni, mahali ambapo mtaro haupaswi kuwepo. Nilizungusha usukani upande wa pili, tairi zikashika, gari likanyooka, na mezani nikalieleza tukio hilo kama ufundi wa mikono yangu. Haukuwa ufundi. Ilikuwa bahati na njia pana. Gari lile halina cha kunishika, na siku ile kama kungekuwa na mvua nisingekuwa naandika haya, au ningekuwa naandika kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo nilipokuwa nimesimama mbele ya alama zile 14, raha yangu ya asubuhi ilianza kuninukia kama harufu ile ya petroli. Gari lililonifurahisha ndilo lililokaribia kuniua, na lililonichosha lilikuwa linaniokoa bila kudai shukrani. Nilinyamaza. Karibu niombe radhi.

Sikuomba, na nashukuru, kwa sababu baada ya siku chache nilipata barua pepe kutoka kampuni ikieleza kwamba fundi, yule yule mzee, alilifungua gari na kukuta kiunganishi cha waya wa sensa ya shinikizo la turbo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa, kimelegea. Sikuwa nimebonyeza chochote. Barua ilisema wanasikitikia usumbufu. Kuhusu kijana na "labda kuna kitu umebonyeza" haikusema neno. Hasira yote ikarudi, tena na riba. Kama kompyuta ilijua makosa yangu 14 kwa nukta na kwa rangi, ilishindwaje kujua kosa lake moja, na kwa nini la kwake likafutwa kwa kubonyeza mara mbili ilhali ya kwangu yamehifadhiwa?

Wamenipa nusu siku ya fidia, kwa gari lolote nitakalolichagua kati ya yale mawili. Mwenye kutafuta raha achukue la zamani, asubuhi, barabara ikiwa kavu, na amsikilize mzee. Hilo ninalisema bila kusita, ingawa asubuhi ya leo ningesema vingine. Mimi kwenye fomu nimejaza la kisasa. Sijalipenda. Nataka kuupanda mlima ule ule, nishuke, kijana yule yule achomeke waya wake, atafute alama nyekundu, azikose. Nimeandika hivyo kwenye sehemu ya maoni, na nimeomba kwa maandishi awepo zamu siku hiyo.